Kwa Mniko ya Zamani

"Fimbo inaenda kwenye buti, mama. Humu ndani utawatoboa watu macho."

"Baba, hiyo inakun..."

Felistas hakumaliza. Fimbo ilikwishatoka mkononi mwake, na akasikia mlango wa buti ukifunguliwa, kisha ukibamizwa. Aliyeichukua alikuwa Kornelio, tingo wa basi, mwanamume mwenye nguvu asiye na ubaya moyoni ila hana muda wa kusikiliza mtu. Felistas akabaki hapo stendi ya Mugumu mikono mitupu, ameshikwa bega na binti yake Atieno, akigeuza uso huku na huku.

"Kaka, anaihitaji," Atieno alisema. "Mama haoni. Tumetoka naye kliniki ya macho sasa hivi."

"Si ndiyo maana nimempa siti ya mbele? Fimbo atapewa akishuka. Haya mama, inua mguu."

Inua mguu! Ni rahisi kusema. Basi lenyewe lilikuwa Fuso la mizigo lililovalishwa bodi ya abiria, na ngazi yake ya kwanza ilipita goti la mtu mzima. Felistas aliinua mguu, akapapasa hewa, akaukosa ubao, akaurudisha chini. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba radhi kwa kosa lisilo lake. Akajaribu tena, akakosa tena. Nyuma yake wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakisubiri kupanda wakaanza kuguna, na mmoja akapaza sauti, "Mbebeni basi, watu tunachelewa!"

Kornelio akampitishia mikono makwapani, hop, akamnyanyua. Gauni likapanda, magoti yakabaki nje. Mwanamke aliyepita miaka hamsini, mama wa kanisa, magoti nje mbele ya stendi nzima! Mtu mwenye haya angalau angegeuza uso.

Na kweli mmoja aligeuza. Konda wa basi, Nashoni, alikuwa amesimama akiuangalia ukuta wa choo cha stendi kana kwamba umeandikwa habari za kwao. Haikuwa dharau. Nashoni ndiye mume wa Atieno, na huyo aliyenyanyuliwa kama gunia la mihogo alikuwa mama mkwe wake.

Wakurya na Wajaluo wanaweza kubishana kwa mengi, lakini kwa habari ya mkwe wanaimba wimbo mmoja. Mwanamume hamshiki mkono mama wa mkewe. Hakai naye kiti kimoja, hamkazii macho, na akiwa na neno la kumwambia anampitishia mtu mwingine. Nashoni alikuwa Mkurya, Felistas Mjaluo, na tangu siku ya mahari hawakuwahi kusemezana mdomo kwa mdomo. Watu waliwasifu kwa hilo. Walisema, mnaona familia yenye adabu?

"Mwambie mama akae vizuri," Nashoni alimwambia mkewe, macho bado ukutani. "Mwambie mzee anamsubiri palepale."

"Mama, anasema ukae vizuri. Baba anakusubiri kwa Mniko."

"Nimesikia," Felistas alijibu kutoka dirishani. "Mwambie ahsante."

Atieno akarudi nyumbani moyo umetulia. Hilo lilikuwa basi la mume wake. Angempandisha mama yake wapi pengine penye usalama kuliko hapo?

*

Nashoni alikuwa na sauti, hilo hata wasiompenda walikubali. Kila kituo alikiimba kutoka mlangoni akilivuta jina mpaka mwisho: "Nyansurura-aaa! Wa Nyansurura asogee-eee!" Felistas aliifuata njia kwa sauti ile. Tangu presha ya macho immalizie mwanga, safari kwake ilikuwa woga mtupu. Ukisinzia umepotea, ukisikia vibaya umepotea. Basi alikaa wima kwenye siti ya mbele, mikono imekaba chuma, na kila mkwe wake alipoimba, pumzi ilimshuka kidogo. Hakumjua Nashoni kwa njia nyingine yoyote. Alimjua kwa kuimba vituo.

Kisha Nashoni akaimba, "Kwa Mniko-ooo!"

Sasa hapa pana jambo. Mniko ni muuza duka. Zamani duka lake lilikuwa pembeni ya barabara, kwenye njia inayoteremka kwa mzee Orwa, mume wa Felistas, na kituo kikaitwa kwa jina lake. Halafu masika iliyopita dhahabu ikaonekana katika shamba la mahindi la bibi mmoja aitwaye Mokami, kilomita kadhaa kabla ya hapo ukitokea Mugumu. Wachimbaji wakamiminika kutoka Geita, kutoka Kahama, kutoka kila mahali penye mtu mwenye sururu, ikawa rashi. Mniko si mjinga. Aling'oa mabati ya duka, akayapakia kwenye mkokoteni, akaenda kuyasimamisha rashini. Na makonda nao wakalihamisha jina pamoja na mabati. Kwa Mniko ikawa rashini. Kule kwa zamani, palipobaki msingi wa duka na nyasi, wakapaita Msingini.

Kwamba Mniko amehama, Felistas alijua. Chumvi sasa waliifuata mbali. Kwamba jina nalo limehama, nani angemwambia? Wenye macho walijifunza kwa kuona. Yeye hakuwa amepanda basi tangu mabati yang'olewe; hata kwenda kliniki alipelekwa kwa pikipiki.

"Hapa ni kwa Mniko?" aliuliza.

"Ndiyo mama, kwa Mniko," Kornelio akajibu. "Unashuka?"

"Nashuka hapa."

"Basi twende."

Nashoni wakati huo alikuwa juu ya keria akifungua kamba za pampu ya maji ya wachimbaji. Alisikia mtu chini akisema, "Mpisheni mama anabebwa," na vijana wakicheka. Akajua ni mkwe wake, maana nani mwingine angebebwa? Wazo likampitia: mbona hapa? Lakini kuuliza ni kushuka, na kushuka ni kumkuta katika hali ile tena, magoti nje. Akajiambia labda wanamsogeza tu kupisha watu. Akaugeuzia mlango mgongo na kuangalia milima mpaka kicheko kilipokwisha.

"Fimbo yangu," Felistas alisema akiwa chini. Honi ikaimeza sauti yake. Kornelio akapiga bodi makofi mawili, "Twende!" na basi likaondoka na fimbo kwenye buti.

*

Msingini, mzee Orwa alikuwa amesimama barabarani na mwavuli, maana upande wa ziwa mawingu yalikuwa yamefunga. Basi lilikuwa lipite bila kusimama, maana konda hakuwa bado ameita kituo. Akauinua mwavuli na kuupunga mpaka dereva, Masele, akakanyaga breki.

Nashoni alikuwa nyuma akikusanya nauli za waliopanda rashini. Siti ya mbele hakuwa ameitupia jicho hata mara moja, heshima haimruhusu. Akaruka chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mshushe basi mama, mvua hii hapa."

"Kornelio!" Nashoni akaita. "Mama wa siti ya mbele anashuka!"

"Mama yupi tena?" Kornelio akachungulia dirishani. "Yule asiyeona? Nimeshamshusha."

"Umemshusha wapi?"

"Kwa Mniko. Mwenyewe kasema kwa Mniko."

Nashoni akaenda kwenye buti, akaifungua, akaona fimbo nyeupe imelazwa juu ya ndoo za mtu. Akaitoa.

"Kwa Mniko ipi?" Orwa aliuliza, ingawa alishajua. "Ninyi watu, kwa Mniko ipi? Kule kwenye mashimo?"

"Mzee, tungejuaje?" Kornelio alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Alisema kwa Mniko."

"Geuza gari," Nashoni alimwambia Masele.

"Nigeuze na abiria hawa wote? Tajiri wa basi atanila nyama. Mpigie mtu aliye kule."

"Nani? Mashimo yako wazi pale, Masele! Hayana hata kamba! Mtu mwenye macho anaanguka mchana kweupe, sembuse yeye!"

"Mimi sigeuzi. Na wewe ukishuka, mura, kazi huna. Nakwambia mapema."

Nashoni aliogopa kazi. Nani haogopi? Lakini woga ule mwingine ulikuwa mkubwa zaidi. Akamtupia Kornelio mkoba wa nauli. Kijana wa bodaboda alikuwa ameegesha pikipiki kivulini. Akadandia nyuma yake, fimbo mkononi.

"Nakuja!" Orwa alisema, akiburuta mguu wake mbovu.

"Baki, mzee. Asije akaletwa na gari lingine akakuta hakuna mtu. Simu yako iko wapi?"

"Simu si moja tu? Anayo yeye!"

Njiani Nashoni aliipiga namba hiyo. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Akampigia Atieno, na alipotaka kumweleza akashindwa, akasema tu, "Mama kashuka siko." Upande wa pili akasikia, "Mayo! Siko wapi? Nashoni, siko wapi?" Pikipiki ikaingia bondeni, mtandao ukakata.

*

Felistas alikuwa amesimama pale walipomwacha. "Baba Atieno!" aliita. "Baba Atieno, nimefika!"

Hakuna jibu. Kulikuwa na mngurumo wa mashine, nzito, zinatafuna mawe, na harufu ya dizeli. Kwa Mniko hakukuwa na mashine. Au wameleta? Siku hizi kila mahali wanaleta.

"Unatafuta nani, mama?" Sauti ya mwanamume, karibu, ikinuka gongo.

"Namtafuta mume wangu, Orwa. Aliniahidi atakuwa hapa."

"Ah, mzee Orwa! Namjua sana. Lete simu nimpigie."

"Simu ni hii tu, tunatumia wawili."

"Basi nimpigie jirani yake. Lete."

Akampa. Akabaki ameunyoosha mkono, kiganja juu, akisubiri kurudishiwa. Simu ikalia mara moja, kwa mbali, ikanyamaza. "Baba?" akasema. "Mwanangu?" Aliuacha mkono pale muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu kuushusha kulikuwa ni kukubali. Halafu akaushusha.

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Hakumwita mtu tena, maana hakujua ataitikiwa na nani. Akajiambia, Felistas, njia hii unaijua. Kwa Mniko unaiacha barabara mgongoni, unateremka polepole mpaka miguu iguse mchanga wa kijito, kisha utasikia mbwa wa nyumbani. Akaipa barabara mgongo. Kweli mteremko ulikuwepo. Akashukuru, akaanza kuteremka, mikono mbele.

Lakini nyasi hazikuwepo. Ardhi ilikuwa tifutifu, inabonyea. Alitembea, akatembea, na mchanga haukuja. Ndipo akasikia watu wakiongea chini ya miguu yake.

"Vuta! Vuta taratibu, kamba itakatika!"

Walikuwa chini. Si mbele wala pembeni, chini kabisa, ndani ya ardhi. Nywele zikamsimama. "Nyasaye," alinong'ona, Mungu wake, "nimekufa?" Akapeleka mguu mbele, na mguu haukukuta kitu.

Aliutupa mwili nyuma, akaanguka kwa makalio. Bonge la udongo likameguka mbele yake. Alisikiliza lifike chini. Akasikiliza. Kisha, mbali sana, akasikia maji: chubwi.

Mashimo. Alikuwa katikati ya mashimo ya dhahabu. Akataka kurudi alikotoka, na akagundua kwamba katika kuanguka amegeuka, na hajui tena ametokea wapi. Akapapasa kulia: ukingo. Akakunja miguu, akajikusanya akawa mdogo. Radi ikapiga. "Nisaidieni!" akalia, na mashine zile zikaendelea kutafuna mawe.

*

"Mama wa gauni la bluu?" Specioza, mama lishe wa rashini, alikuwa na mwiko mkononi. "Kateremka kule. Nilijua anamfuata mwanawe. Haoni? Mungu wangu! Mbona hakuwa na fimbo?"

Fimbo ilikuwa mkononi mwa Nashoni.

Wakateremka wote wawili wakikimbia. Walimwona kabla ya kufika: kitu kidogo cha bluu kimekaa kati ya mashimo mawili, kwenye tuta jembamba la udongo. Nashoni akataka kwenda moja kwa moja, mkono ukamdaka shati. Alikuwa mchimbaji, Msukuma mmoja aitwaye Makoye, udongo mpaka kwenye kope.

"Usikanyage hapo, kaka. Maduara ya zamani hayo, mashimo yaliyoachwa, chini yameliwa, juu limebaki ganda. Yeye mmoja limembeba kwa bahati. Mkiwa wawili, mnaingia wote."

"Sasa nifanye nini?"

"Aje mwenyewe, kwa tuta hilohilo alilopitia. Mwite."

Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka, makubwa. Makoye akaangalia juu, akaangalia udongo unavyolowa, akatikisa kichwa.

"Dada," Nashoni alimwambia Specioza, "mwambie mama arudi kwa makalio, asisimame."

"Mama!" Specioza aliita. "Rudi huku, usisimame!"

Felistas akashtuka. "Ninyi ni nani? Niacheni! Simu mmeshachukua, sina kitu kingine!" Akajisukuma kuikimbia sauti, na udongo ukamomonyoka nyuma yake. Makoye akafumba macho.

"Mwambie ni mkwe wake yuko hapa," Nashoni alisema.

"Mwambie mwenyewe! Huna mdomo?"

"Ni mama mkwe wangu, dada. Mimi na yeye hatusemezani."

Specioza akamtazama kama mtu anayetazama mwendawazimu. "Basi kaa na heshima yako hapo umwangalie anavyokufa."

Nashoni akafungua mdomo. Sauti yake, ile sauti ya stendi nzima, ikatoka nyembamba kama ya mtoto. "Mama. Ni mimi, Nashoni."

"Muongo!" Felistas alijibu. "Nashoni hajawahi kuniita hata siku moja. Nashoni ni mtoto mwenye adabu. Wewe ni mwizi tu!"

Mtoto mwenye adabu. Neno hilo lilimchoma kuliko kama angetukanwa. Akatoa simu ili Atieno aongee na mama yake. Mtandao haukuwepo hata kidogo. Mvua ikaongeza. Mfereji mwembamba wa maji ukaanza kutembea juu ya tuta, kumwelekea yule mama, na Nashoni akaona kwamba sasa hivi, mbele ya macho yake, atamzika mama wa mke wake kwa sababu mama huyo hajui sauti yake.

Hakupanga alichofanya. Alikunja viganja mdomoni, akaimba.

"Mugumu-uuu! Wa Mugumu tunaondoka-aaa!"

Wachimbaji waliokuwa wakikimbilia vibandani wakasimama. Felistas akainua uso.

"Nyansurura-aaa! Wa Nyansurura asogee-eee!"

"Nashoni?" alisema, taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Ni wewe kweli? Imba kinachofuata."

"Kwa Mniko..." Akaukatiza wimbo. "Siyo hapa, mama. Kwa Mniko ya zamani bado hatujafika. Nimekushusha siko. Nisamehe. Usisimame, njoo kwa makalio, fuata sauti yangu."

Akaendelea kuimba, Msingini, Ringwani, Darajani, Nyamongo, Tarime, njia nzima, na ikiisha anaianza upya. Felistas akaja, akijivuta shubiri kwa shubiri, gauni linazoa tope, midomo yake ikiyataja majina pamoja naye. "Kushoto kwako, mama. Kidogo. Basi, njoo." Nyuma yake pale alipokuwa amekaa, tuta likaondoka lote kwa pamoja. Hakuliona. Wao waliliona, na Specioza akaanza kusali kwa Kihaya.

Aliposogea karibu, Nashoni akalala kifudifudi ukingoni na kumnyooshea fimbo. Hata hapo, jamani, hata hapo alikuwa bado anatafuta namna ya kutomgusa. "Shika fimbo, mama."

Felistas akaishika. "Usivute, mwanangu! Hii inakunj..."

Alivuta. Ilikuwa fimbo ya kukunja, vipande vilivyounganishwa kwa mpira, ile ambayo ingekaa mapajani mwake safari nzima bila kumtoboa mtu yeyote jicho kama angeachwa amalize sentensi yake asubuhi ile. Vipande vikaachana, mpira ukarefuka, Felistas akayumba kwenda upande wa shimo. Nashoni akaitupa fimbo, akamdaka mikono yote miwili, akamvuta kwa nguvu zake zote mpaka wote wakaangukia kwenye udongo mgumu, kichwa cha mama kifuani kwake.

Makoye akapiga mluzi. Nashoni akatambua alipo na anachofanya, akaachia haraka kama aliyeshika sufuria ya moto, akarudi nyuma.

"Usiniachie," Felistas alisema. "Nakuomba, usiniachie."

Akamshika tena.

Walipanda polepole kwenda barabarani, mvua inawapiga, Specioza mbele akiwafukuza waliokuja kushangaa. Kisha Felistas akasema, "Nilisikia mashine zile tangu mlangoni pa basi. Nikaingiwa na shaka. Nilitaka kukuita. Nilisikia miguu yako juu ya keria."

"Mbona hukuniita, mama?"

"Nikaona haya."

"Na mimi nilisikia wanasema unabebwa. Nikageuza uso."

"Ehee," alisema Felistas. "Adabu yetu hii, mwanangu, leo ingenizika."

*

Maneno hayakukosekana. Shangazi zake Nashoni walisema mkwe ameshikwa mikono miwili, tena kifuani, lazima mbuzi achinjwe kuondoa mkosi. Orwa akasema mbuzi atachinjwa, lakini wa kula, na aje kila mtu. Tajiri wa basi akamweka Nashoni nyumbani wiki nzima, kisha akamrudisha, kwa sababu abiria walikuwa wakilalamika kwamba tingo anaita vituo kama mtu anayepiga chafya. Simu haikupatikana. Usiku Felistas aliamka akipapasa pembeni ya godoro, akitafuta ukingo.

Na siku ya kliniki ikarudi, kama zinavyorudi.

Asubuhi hiyo Msingini kulikuwa na watu wengi, wengine wakienda gulioni, na kina mama wa kwaya na mwalimu wao, Agustina. Felistas alisimama kati yao, mkono mmoja kwa Orwa, mwingine umeikaba fimbo. Aliposikia basi linapunguza mwendo, alirudi hatua moja nyuma. "Turudi nyumbani," alimwambia mumewe. Orwa akajifanya hajasikia.

"Msingini-iii! Kwa Mniko ya zamani-iii!"

Nashoni akaruka chini na kreti tupu ya soda. Akaiweka chini ya ile ngazi ndefu, akaikanyaga kuijaribu, akamjia.

"Mama, ni Nashoni. Kuna kreti, halafu ngazi, halafu siti yako. Fimbo ikunje ukae nayo." Akanyoosha mkono.

"Wee Nashoni!" Agustina akapaza sauti. "Si mkweo huyo?"

Basi zima likanyamaza. Vichwa vikatoka madirishani. Nashoni aliogopa kuliko siku ya shimo, maana kule walimwona wachimbaji wasiomjua, na hapa walikuwepo wote waliomsifu kwa adabu. Felistas alikuwa ameuinua mkono wake nusu. Akausikia ukimya ule, akausimamisha hewani, kiganja juu, kama siku ile alipokuwa akiisubiri simu.

"Ni abiria," Nashoni alisema, na akaushika.

Mguu wa mama ukagusa kreti, ukatafuta ngazi, ukaipata. Hakuna aliyecheka.

"Haya, nipandishe," Felistas alisema. "Watu wanachelewa."